Jinsi ya kuchagua kihisi cha mwanga kwa mradi wako mdogo wa elektroniki

Vijana wanaoanza kuchezea Arduino na ESP32, zile bodi ndogo za kompyuta za kuendeshea miradi, huniuliza mara kwa mara: "Nichukue kihisi gani cha mwanga?" Nami huwarudishia swali: huo mwanga unataka kuujua kwa ajili ya nini? Yupo anayetaka taa ya baraza iwake yenyewe magharibi. Yupo anayetaka kujua kama miche yake kitaluni inapata jua la kutosha. Yupo anayetaka kuhesabu mimweko ya kile kitaa chekundu cha mita ya LUKU ili ajue pasi inakula umeme kiasi gani. Wote watatu wanasema "mwanga", lakini ukiwapa kifaa kimoja, wawili kati yao watarudi wakilalamika.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke ya kwanza, hata kama kifaa unacho tayari mkononi.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Chukua karatasi uandike kitu ambacho mradi wako utafanya baada ya kuona mwanga. "Taa iwake giza likiingia." "Kila dakika kumi iandikwe ni luksi ngapi zinazofika kwenye miche." "Kila mita ikimweka, ongeza moja." Sentensi ya kwanza inataka jibu la ndiyo au hapana. Ya pili inataka kiasi. Ya tatu inataka wepesi: kitu kinapita upesi na hakitakiwi kukosekana. Karibu kila mradi mdogo niliowahi kuuona umeangukia kwenye fungu mojawapo kati ya haya, na ukishalijua fungu lako, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Hatua ya 2: Jua mwanga wako una ukubwa gani

Mwanga unaoangukia juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Luksi moja ni lumeni moja iliyoenea juu ya mita moja ya mraba. Jua kali la adhuhuri linafika karibu luksi 100,000. Siku ya mawingu mazito nje ni kati ya 1,000 na 10,000. Ofisi yenye taa nzuri ina 300 hadi 500, sebule nyingi usiku zina 50 hadi 150, na mwezi mpevu angani hutoa kama robo luksi tu.

Tazama upana huo: jua la mchana linaushinda mwezi mpevu kwa zaidi ya mara laki tatu. Jicho hutuficha jambo hili kwa sababu linajirekebisha lenyewe, tukitoka nje tukiingia ndani tunaona vizuri tu. Kihisi hakina huruma hiyo. Kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule kitajaa nje na kuganda kwenye namba moja; kilichotengenezwa kwa ajili ya jua kitasoma sifuri chumbani.

Kama una simu ya Android, pakua programu yoyote ya kupima luksi, kisha nenda mahali penyewe mradi utakapokaa ulaze simu kioo kikitazama juu. Kihisi cha simu kipo karibu na kamera ya mbele. Si kipimo cha maabara, lakini kitakuambia kama unashughulika na makumi, mamia au makumi ya maelfu. Andika namba hiyo chini ya sentensi yako.

Hatua ya 3: Swali la ndiyo au hapana, chukua LDR

Kile kiduara kidogo chenye mstari wa nyoka usoni, ambacho ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi utakiulizia kwa jina la LDR, ni rezista inayobadilika kwa mwanga. Gizani ukinzani wake hupanda hadi omu milioni moja na zaidi. Juani hushuka chini ya mia. Aina inayopatikana zaidi ni GL5528, ambayo kwenye luksi 10 huwa na takriban kilo-omu 10 hadi 20. Ndugu yake GL5516 huwa na 5 hadi 10.

Umeona mwanya huo wa 10 hadi 20? Maana yake ni kwamba LDR mbili za mfuko mmoja zinaweza kupishana mara mbili na zote zikawa nzima. Hapo ndipo wengi huidharau LDR na kukimbilia moduli za bei. Tupige hesabu kwanza, maana hesabu hii ni ya kwetu.

Jua linapotua anga ikiwa safi, hubaki kama luksi 400. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo baada ya dakika 22 hivi zimebaki tatu au nne. Mwanga umepungua zaidi ya mara mia moja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, yaani unakatika nusu kila baada ya dakika tatu na kidogo. LDR mbili zinazopishana ukinzani mara mbili zitawasha taa kwa tofauti isiyofika dakika tano. Kwa taa ya baraza, ya banda la kuku au ya geti, dakika tano si kosa. Ukisoma mwongozo ulioandikwa kaskazini mwa Ulaya, ambako utusitusi wa kiangazi hudumu saa nzima na zaidi, usichukue namba zake kama zilivyo.

Sasa waya. Mguu mmoja wa LDR uende kwenye volti 5, wa pili kwenye pini A0 (pini ya analogi, yaani ya kusoma volti) ya Arduino Uno, kisha kutoka hapo hapo A0 weka rezista ya kilo-omu 10 iende GND, upande hasi wa umeme. Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1,024, kuanzia 0 hadi 1,023. Kwa LDR yenye kilo-omu 15 kwenye luksi 10, utapata usomaji unaokaribia huu: luksi 1 utasoma 120, luksi 10 utasoma 409, luksi 100 utasoma 787, luksi 1,000 utasoma 965, luksi 10,000 utasoma 1,011, na luksi 100,000 utasoma 1,021.

Rudia kuusoma mwisho wa orodha hiyo. Kati ya siku ya mawingu na jua la utosini kuna ngazi kumi tu. Kati ya luksi 1 na 100 kuna ngazi zaidi ya mia sita. LDR iliyofungwa hivi inaona magharibi vizuri mno na mchana ni kama kipofu. Ndiyo maana naipenda kwa taa na kuikataa kwa kitalu.

Rezista ya pembeni huchaguliwa kwa kanuni nyepesi: iwe na ukinzani ule ule ambao LDR inao kwenye mwanga unaotaka kuamulia. Unataka uamuzi kwenye luksi 10, weka kilo-omu 10 au 15. Unataka giza nene zaidi, karibu na luksi 1, panda hadi kilo-omu 68 au 100. Huna karatasi ya vipimo? Funika LDR mpaka ipate mwanga wa kiasi hicho, ipime kwa multimita, kisha tafuta rezista iliyo karibu na namba uliyoipata.

Jambo la mwisho hapa ni la programu, na ndilo linaloharibu taa nyingi. Usiweke kizingiti kimoja. Ukisema "chini ya 400 washa, juu ya 400 zima", jioni usomaji utacheza 398, 402, 399, na rilei, ile swichi ya umeme inayowasha taa, itapiga kelele kama panzi mpaka ife. Weka viwili: chini ya 300 washa, juu ya 500 zima. Kwa mzunguko tuliouchora, hizo ni kama luksi 5 na luksi 17. Kisha dai hali idumu nusu dakika kabla ya kubadilisha chochote, ili taa za gari linalopita zisikusumbue.

Moduli ndogo zenye LDR, chipu ya LM393 inayolinganisha volti, na kile kirekebishi cha bluu cha kuzungushwa kwa bisibisi hufanya kazi hii bila programu. Nyingi zina kizingiti kimoja tu, kwa hiyo zitumie kama zina pini ya analogi pia, au kwa maonyesho ya darasani.

Onyo ambalo silipunguzi uzito: LDR hizi zimetengenezwa kwa sulfidi ya kadimiamu. Kadimiamu ni sumu. Usizivunje, usizichome takatakani, wala usimpe mtoto mdogo achezee. Umoja wa Ulaya umebana matumizi ya kadimiamu kwenye vifaa vya elektroniki, kwa hiyo ukifikiria kutengeneza kitu cha kuuza huko, ruka LDR moja kwa moja uende kwenye TEMT6000 nitakayoieleza mbele.

Hatua ya 4: Ukitaka kiasi, nenda kwenye kihisi cha dijitali

Hapa chaguo langu la kwanza ni BH1750 ya kampuni ya ROHM, ile inayouzwa juu ya bodi ndogo iitwayo GY-302. Inazungumza kwa I2C (mawasiliano ya dijitali ya waya mbili ambapo kila kifaa kina anwani yake), inakupa luksi moja kwa moja bila wewe kukokotoa ukinzani, na inasikia rangi za mwanga kwa namna inayokaribia jicho la mtu. Usomaji mmoja wa kawaida huchukua kama milisekunde 120. Muda huo una faida: taa za umeme wetu wa hezi 50 hupepesuka mara 100 kwa sekunde, na kipimo kirefu namna hiyo huufuta mpepesuko.

Lakini kuna mtego, na nitauelezea kwa kirefu kwa sababu uliwahi kunipotezea siku mbili nzima. Nilikiweka kihisi hiki karibu na kitalu cha michungwa, nje, bila kivuli. Kuanzia saa nne asubuhi namba ikaganda: 54,612. Dakika kumi baadaye, 54,612. Wingu likipita inashuka, jua likirudi, 54,612 tena. Nikabadilisha waya, nikabadilisha bodi, namba ile ile. Kihisi kilikuwa kizima. BH1750 huhesabu hadi 65,535, kisha hesabu hiyo hugawanywa kwa 1.2 ili kupata luksi, na 65,535 ukiigawa kwa 1.2 unapata 54,612. Kilikuwa kimejaa.

Dawa yake ni kubadilisha muda wa kupima. Ndani ya chipu kuna namba iitwayo MTreg ambayo kwa kawaida ni 69. Unaweza kuishusha hadi 31. Ukiishusha, uwezo hupanda hadi zaidi ya luksi 121,000, na hilo linatosha kwa jua lolote. Programu saidizi nyingi za BH1750 zina amri ya kuibadilisha. Kumbuka tu kuzidisha matokeo kwa 69 na kugawa kwa 31 kama programu yako haifanyi hivyo yenyewe. Njia nyingine ni ya fundi bomba: zungushia kihisi tabaka chache za ile tepu nyeupe ya kuzuia mabomba kuvuja. Hutawanya mwanga vizuri sana na kuupunguza. Pima bila tepu na kwa tepu kwenye mwanga ule ule, pata uwiano, uuandike ndani ya programu.

VEML7700 ya Vishay inafika karibu luksi 120,000 na pia inashuka hadi sehemu ndogo sana za luksi, ila kwenye mwanga mkali inahitaji kanuni ya masahihisho ambayo mtengenezaji ameitoa. Hakikisha programu saidizi unayotumia imeiweka. TSL2591 ndiyo ya kuchukua kama kazi yako ni giza: anga ya usiku, chumba cha kusafishia picha. Inakomea luksi 88,000 juu. TSL2561 utaiona kwenye mafunzo mengi ya zamani, lakini imeshaacha kutengenezwa, usianzie mradi mpya hapo. Na kama unachotaka ni rangi, kutenganisha nyanya zilizoiva na mbichi kwa mfano, hicho ni kihisi cha rangi kama TCS34725, habari nyingine kabisa.

Kwa wenye miche: luksi hupima mwanga kama jicho linavyouona, na mmea hauli kwa jicho. Mmea hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700 kwa mgawanyo wake. Chini ya jua la kawaida unaweza kutumia luksi kulinganisha kona moja ya kitalu na nyingine, au kivuli cha wavu mmoja na mwingine, bila wasiwasi. Chini ya taa za zambarau za kukuzia mimea, luksi itakudanganya.

Hatua ya 5: Ukitaka wepesi, fototransista

LDR huchukua milisekunde 20 hadi 30 kuitikia, na ikitoka kwenye mwanga mkali hubaki na kumbukumbu yake kwa muda. Mmweko mfupi unaweza kuipita. Fototransista, yaani transista inayopitisha umeme kulingana na mwanga, huitikia kwa mikrosekunde. Kwa mita ya umeme, igandishe juu ya kioo mbele ya kile kitaa kwa tepu nyeusi ili mwanga wa nje usiingie. Kwenye uso wa mita pameandikwa idadi ya mimweko kwa kilowati-saa, imp/kWh. Ikiwa ni 1,000, kila mmweko ni wati-saa moja. Pasi ya wati 1,000 itakupa mmweko mmoja kila sekunde 3.6. Mita yenyewe usiifungue wala usiguse sili yake. Hakuna haja, kila kitu kinasomeka kwa nje.

TEMT6000 ni fototransista iliyopakwa chujio la kuifanya ione kama jicho. Kwenye luksi 100 hupitisha kama mikroampea 50, na bodi zake nyingi zina rezista ya kilo-omu 10, kwa hiyo unapata nusu volti. Tofauti na LDR, mwanga ukiongezeka mara mbili volti nayo huongezeka mara mbili, mpaka ijae kwenye luksi 1,000 hivi ukitumia volti 5. Ni nzuri kwa ndani ya nyumba.

Fotodayodi kama BPW34 ni nyepesi kuliko zote, lakini mkondo wake ni mdogo na utahitaji amplifaya. Kwa mradi wa kwanza, iache.

Hatua ya 6: Kijaribu kwa rimoti ya televisheni

Silikoni tupu, ile ambayo fototransista hutengenezwa kwayo, huona zaidi mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho, kuliko mwanga wetu, kilele chake kikiwa karibu na nanomita 900. Balbu ya zamani ya waya hutoa infraredi tele, balbu ya LED hutoa kidogo sana. Kwa hiyo fototransista isiyo na chujio itakuambia chumba chenye balbu ya waya kinang'aa sana kupita chenye LED, hata kama wewe huoni tofauti. Vilevile, vile vyenye plastiki nyeusi tii kama wino huzuia mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi peke yake. Kwenye makopo ya madukani huchanganywa na vingine, na mtu hununua bila kujua.

Kabla ya kulehemu chochote, elekeza rimoti kwenye kihisi ubonyeze. Usomaji ukiruka, kihisi kinaona infraredi. Kisha kipeleke dirishani, mbali na jua la moja kwa moja, ukifunike na kukifunua kwa kiganja. Kisipobadilika kwa kiganja lakini kikaruka kwa rimoti, hicho hakifai kupima mwanga wa mchana.

Hatua ya 7: Linganisha na bodi yako na betri yako

BH1750 yenyewe inataka volti 2.4 hadi 3.6, bodi ya GY-302 ina kishusha volti, chipu tupu haina. Anwani yake ni 0x23, au 0x5C ukiunganisha pini ya ADDR kwenye umeme, kwa hiyo unaweza kuweka mbili kwenye waya zile zile: moja chini ya wavu, moja nje. TSL2591 na TCS34725 zote hutumia 0x29, usiziweke pamoja. Waya za I2C zisizidi mita moja hivi.

Kwenye ESP32, pini za analogi za kundi la ADC2 hazisomi vizuri Wi-Fi ikiwa inafanya kazi. LDR yako iweke kwenye kundi la ADC1, kwa mfano pini 34. ESP8266, bodi iliyotangulia ESP32, ina pini moja tu ya analogi, na hiyo pekee ni sababu tosha ya kuchagua kihisi cha I2C.

Ule mzunguko wa LDR unakunywa karibu nusu miliampea mchana kutwa. Kwa umeme wa ukutani si kitu. Kwa betri, ule mguu wa LDR wa volti 5 uhamishie kwenye pini ya dijitali, iwashe, soma, izime. BH1750 ina namna ya kupima mara moja kisha kulala yenyewe, itumie.

Hatua ya 8: Mahali na majaribio

Mwanga wa taa yako usifikie kihisi chako. Taa ikiwaka kihisi kitadhani kumekucha, kitaizima, kitaona giza, kitaiwasha tena, mpaka asubuhi. Kiweke juu ya taa au nyuma ya kizuizi, kikitazama anga. Kisitazame magharibi wala mashariki moja kwa moja. Na usifikiri upande wa kaskazini ni kivuli daima: Dar es Salaam, jua la mchana la Juni liko kaskazini yako na la Desemba liko kusini.

Kwenye kasha, kifuniko kiwe cheupe cha ukungu ili mwanga uingie kutoka pande zote. Ukiziba kwa gundi ya silikoni, epuka ile yenye harufu ya siki. Asidi yake hula shaba ya waya ndani ya kasha lililofungwa. Kama unawasha taa ya umeme wa nyumbani, sehemu hiyo mwachie fundi umeme, au tumia taa za volti 12.

Kisha, kabla ya kuunganisha taa, acha kifaa kikae mahali pake jioni mbili kikiandika namba kila dakika, moja ya anga safi na moja ya mawingu. Kaa nacho barazani. Dakika utakayoona wewe mwenyewe kwamba sasa taa inahitajika, soma namba iliyopo. Hiyo ndiyo iwe kizingiti chako cha kuwasha, na cha kuzima kiweke juu yake kwa pengo la kama 200.